Mjomba anasema tusubiri mtoto wa jicho akomae, na mama anazidi kuumia

Shikamoo Mama,

Naandika kuhusu mama yangu mzazi. Mimi naishi Mikindani na mume wangu na watoto wetu watatu, ila kwetu ni Newala. Mama yuko kijijini huko, na wanangu humwendea kila shule zikifungwa. Umri wake ni kama miaka 60.

Macho yalianza kumsumbua zamani, mimi nikiwa bado msichana. Yalikuwa yanawasha na kutoa machozi, hasa msimu wa kupulizia mikorosho, kwa hiyo sote tukasema ni salfa. Baadaye hata salfa ikipita machozi hayakukoma. Akawa anasema kuna mchanga ndani, mchanga usiotoka hata akinawa. Siku hizi mchana hawezi kukaa uani bila kujifunika kanga usoni. Mwaka jana wakati wa kuchambua korosho alichanganya nzuri na mbovu mpaka mdogo wangu akairudia gunia zima usiku, mama asijue.

Kinachompa nafuu ni kung'olewa kope. Nywele za ukope wa juu zimegeukia ndani na zinagusa jicho. Jirani yake ana kibano cha chuma. Anamkalisha mlangoni penye mwanga, anapaka majivu kidogo kwenye ncha ili nywele zisiteleze, anang'oa moja moja. Ni kila baada ya wiki mbili. Nikienda mimi, namfanyia mimi. Mama hutulia kimya machozi yakimtiririka, tukimaliza ananishukuru na kulala vizuri. Ni siku chache tu. Mara nyingine unywele unakatika badala ya kung'oka, na kile kisiki kinamchoma kuliko unywele wenyewe.

Mwezi uliopita nimeona kitu cheupe kwenye jicho lake la kulia, pale kwenye jeusi. Mjomba, ambaye kwa mila zetu ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo, amesema huyo ni mtoto wa jicho na hachezewi mpaka akomae. Akaongeza kwamba msimu wa korosho unakuja, hakuna wa kuuguza mgonjwa. Mama naye anaogopa kukatwa. Mama mdogo alifanyiwa upasuaji miaka kadhaa iliyopita kambi ilipopita kijijini, na baada ya kama mwaka mmoja nywele zikarudi kwenye jicho moja. Mama anasema, "Nikatwe halafu zirudi? Bora kibano changu."

Duka la dawa walitupa matone. Wekundu ulipungua siku tatu, ukarudi. Sasa kuna bibi mmoja ameleta maji ya majani ya kutia jichoni. Bado hayajatiwa, nimeomba wanisubiri.

Je, ni kweli huyo ni mtoto wa jicho? Je, sisi ndio tuliomharibia mama jicho kwa kung'oa kope? Na je, huu ni ugonjwa wa ukoo? Mama mdogo anao, na mwanangu wa miaka minne amerudi juzi kutoka kwa bibi yake macho yamejaa tongotongo. Mimi mwenyewe nimeanza kuzitazama kope zangu kwenye kioo kila asubuhi.

Binti wa Newala, Mikindani

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kwa sababu ugonjwa wa mama umeueleza wote isipokuwa jina lake. Nimefanya kazi ya uuguzi wa macho huku Kusini mpaka nilipostaafu, na akina mama wa aina ya mama yako, waliofunika uso kwa kanga saa sita mchana, nimewapokea wengi. Sijamwona mama yako, kwa hiyo jicho lake atalisemea mtaalamu atakayemwangalia. Lakini mchanga usiotoka, mwanga unaochoma, nywele zilizogeukia ndani na dada mtu mwenye hali hiyo hiyo, vyote vinanielekeza kwenye trakoma, ile ambayo vijijini huitwa vikope. Hapo alipo sasa ni katika hatua yake ya mwisho.

Ugonjwa wenyewe uko kwenye ukope. Anayeumia ni jicho. Mkilishika hilo ninyi nyumbani, mengine yote yatafuata, na hata mjomba utaweza kumweleza.

Nieleze yanavyotokea. Trakoma huletwa na bakteria aitwaye klamidia, na humpata mtu utotoni. Huambukizwa kwa vidole, kwa upindo wa kanga unaofutia watoto wote macho, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo la mmoja kisha la mwingine. Mara moja haipofushi mtu. Tatizo ni kwamba mtoto hupona, huambukizwa tena, hupona, huambukizwa tena, miaka na miaka. Kila mara upande wa ndani wa ukope wa juu unavimba na kuacha kovu dogo. Makovu yakishaungana hujikunja kama ngozi iliyoanikwa juani, yanauvuta ukingo wa ukope kwa ndani, na nywele zilizokuwa zikitazama nje zinageuka kutazama jicho. Ndiyo maana mtu aliyeugua akiwa na miaka mitatu huja kulia akiwa na 40 au 50. Wanawake hufika hatua hiyo kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto wadogo na kuambukizwa nao upya.

Sasa fikiria kupepesa tu. Mtu mzima hupepesa kama mara 15 kwa dakika, maana yake mara 900 kwa saa moja. Kwako wewe kila kupepesa ni kupangusa kioo cha jicho kwa machozi. Kwa mama yako kila kupepesa ni kukipitishia ufagio. Kioo hicho, ambacho wataalamu hukiita konea, katikati kina unene wa takribani nusu milimita tu. Hakina mishipa ya damu, ndiyo maana kinapitisha mwanga, na hewa yake hukipata kupitia machozi. Makovu ya trakoma huharibu pia vitezi vidogo vya mafuta vilivyopangana ukingoni mwa ukope. Mafuta hayo ndiyo yanayozuia machozi yasikauke upesi. Kwa hiyo mama anatiririkwa na machozi na wakati huohuo jicho lake ni kavu. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo: machozi yanayomwagika ni ya maumivu, hayakai kulilainisha jicho. Kioo kilichokwaruzwa na kukauka kinachubuka, mchubuko unaingia vijidudu, unakuwa kidonda, na kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe.

Salfa mliyoilaumu si kwamba haina kosa. Vumbi lake linawasha macho kweli, na anayepulizia mikorosho bila miwani ya kujikinga anajitesa bure. Ila salfa haigeuzi kope. Ilimzidishia mama maumivu, ikawaficha ninyi ugonjwa.

Kuhusu huo weupe. Mtoto wa jicho hukaa ndani, nyuma ya tundu la mboni, kwenye lenzi. Haumi, hauleti hisia ya mchanga, hautoi machozi. Ukungu tu unaongezeka polepole mpaka mtu haoni. Weupe unaouma, ulio juu ya jeusi kama tone la uji lililokauka juu ya kioo, katika jicho linalokwaruzwa na nywele, mimi ningeuhofia kuwa ni kovu la konea au, mbaya zaidi, kidonda kibichi. Kati ya viwili hivyo hakuna kinachokomaa. Kinachokwenda mbele ni upofu, na kovu likishafunika katikati ya kioo halifutiki kwa matone wala kwa majani.

Na hata angekuwa na mtoto wa jicho kweli, maneno ya kusubiri akomae ni ya zamani. Siku hizi lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia mara inapomzuia mtu kufanya kazi zake. Tena daktari akikuta nywele zinagusa jicho atataka ukope urekebishwe kwanza, maana kufungua jicho lenye kope zilizogeukia ndani ni kuyaalika maambukizi. Kwa vyovyote vile, njia ya mama inaanzia kwenye ukope.

Umeniuliza kama ninyi ndio mliomharibu. Hapana, binti yangu, na nataka uliweke chini hilo leo. Kilichomkwaruza ni nywele. Kibano kilikuwa kinampa siku za kupumua. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa Ethiopia kwa watu 1,300 waliokuwa na nywele chache zinazogusa jicho, zisizofika 6. Nusu walifanyiwa upasuaji, nusu walipewa vibano vizuri na kufundishwa kuvitumia. Baada ya miaka 2, kuona kwao na hali ya konea zao havikutofautiana. Kwa hiyo kung'oa si ushamba. Ni msaada wa kweli kwa mwenye nywele mbili tatu za pembeni, ikifanywa kwa kibano chenye ncha zinazokutana sawasawa, kilichooshwa, na unywele ukatoka na shina lake.

Mama yako hayuko hapo tena. Anang'olewa kila wiki mbili, nywele zinakatika, na jicho limeanza kuwa jeupe. Unywele uliong'oka vizuri huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo anayehitaji kibano kila wiki mbili ana nywele nyingi mno, au zinakatwa. Kisiki kilichokatika ni kifupi na kigumu, hakipindi kinapogusa kioo, kinachoma. Mkiwa bado mnasubiri safari, majivu acheni kabisa. Yakiingia kwenye mchubuko yanaufungulia mlango wa kidonda. Shikeni kwa kitambaa safi kikavu na mvute unywele polepole kufuata ulivyoota. Wembe na mkasi visikaribie.

Nije kwenye hofu ya mama, ambayo naiheshimu kwa kuwa hakuitoa hewani. Ameiona kwa mdogo wake. Nywele kurudi baada ya upasuaji kunatokea, na mtu asiyekwambia hivyo kabla ya kisu hakutendei haki. Utafiti mwingine wa Ethiopia, uliochapishwa 2016 na kuhusisha watu 1,000, ulilinganisha njia mbili za upasuaji huu wa kusawazisha vikope. Baada ya mwaka mmoja nywele zilikuwa zimerudi kwa watu 13 kati ya kila 100 kwa njia moja, na 22 kati ya kila 100 kwa ile nyingine. Ni wengi, sikatai. Lakini wagonjwa wengi nywele hazikuwarudia mwaka ule, na anayerudiwa huweza kurekebishwa tena. Mama mdogo aliambiwa hilo? Nahisi hakuambiwa. Nenda naye kliniki pamoja na mama, lile jicho lililorudi liangaliwe, na umuulize mbele ya mama kuhusu lile jingine: linamchoma? Jibu lake litafanya kazi kuliko barua yangu.

Upasuaji wenyewe ni wa ukope, jicho halifunguliwi. Mama atalala kitandani akiwa macho, atachomwa sindano ya ganzi kwenye ukope, na hiyo sindano ndiyo yenye maumivu, mwambieni mapema. Mtaalamu atakata ndani ya ukope, milimita chache kutoka ukingoni, ataugeuza ukingo utazame nje kama zamani, kisha atashona nyuzi chache. Ukope mmoja hauchukui muda mrefu. Jicho litafungwa mpaka kesho yake, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au mbili kutegemea aina yake. Kwa kawaida atapewa dozi ya azithromaisini au dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, zote za kuua vijidudu. Muulizeni mtaalamu juu ya hiyo azithromaisini, kwa kuwa iliwahi kuonekana kupunguza kurudi kwa nywele ukilinganisha na dawa ya kupaka peke yake. Muwe na subira na matarajio yenu pia: mchanga utaondoka, mwanga utavumilika, lakini weupe uliokwisha kuwa kovu utabaki. Upasuaji unalinda kilichobaki. Ndiyo sababu naona kila wiki inayopita ni hasara.

Mjomba sasa. Usimwendee na hoja ya kwamba amekosea mbele za watu. Yeye ni kaka wa mama yako, na nina hakika anaogopa kama wewe, ila nafasi yake haimruhusu kusema. Mwendee jioni, mpe shikamoo yake, mwombe akae na mama mlangoni, amwangalie mwenyewe kwa tochi. Mwinulie ukope taratibu azione nywele zinavyolala juu ya jicho, na aone weupe uko juu wala si ndani ya mboni. Nimeona wazee waliokataa kwa wiki nzima wakikubali kwa dakika ile moja. Kisha mwombe yeye ndiye ampeleke, au yeye ndiye atoe neno la safari. Mama akisikia kaka yake amesema twende, nusu ya hofu itamtoka.

Na hilo la msimu lina jibu. Nendeni kabla korosho hazijaanza kuanguka kwa wingi. Akishonwa leo, wiki mbili hizi hatakiwi kuinama mashambani wala kukaa kwenye vumbi, kisha anarudi kuchambua korosho zake akiwa anaziona bila kufumba. Mkisubiri msimu uishe mnasema miezi, na jicho lenye weupe halina miezi ya kuazima.

Hayo maji ya majani yamwageni. Bibi aliyeyaleta hana ubaya, mshukuruni, lakini yasiingie jichoni. Kwenye konea iliyochubuka maji ya aina hiyo huleta vijidudu na fangasi, na nimeshuhudia jicho likipotea kwa siku chache. Chupa ya matone ichukueni mwende nayo hospitali. Wekundu uliopungua siku tatu kisha ukarudi unanitia shaka kwamba ndani mna steroidi, dawa ambayo bila uangalizi inaweza kukiacha kidonda kikitafuna. Asitiwe tena. Na kama kabla ya safari jicho litauma ghafla kupita kawaida, likawa jekundu sana, likatoa usaha, au weupe ukaongezeka, hiyo si habari ya kusubiri siku ya kliniki. Ni kupakia gari siku hiyohiyo.

Anzieni kituo cha afya, muulizeni mratibu wa huduma za macho wa wilaya yuko wapi na kambi ya kusawazisha vikope inakuja lini. Kambi hizi kwa kawaida hazina malipo. Kama haipo karibuni msiingoje. Shukeni hospitali ya Ligula hapo Mtwara mjini, ambako wewe uko jirani na atapata pa kulala, au mwende hospitali ya Ndanda. Pigeni simu kwanza mjue siku ya macho.

Ugonjwa wa ukoo? Ni wa nyumba, si wa damu. Mama na mama mdogo walikua kwenye mkeka mmoja, wakapanguswa kwa kanga moja, juu ya uwanda wa Newala ambako wanawake walikuwa wakishuka bondeni kufuata ndoo moja ya maji. Nani angemwaga maji hayo kunawisha watoto nyuso? Simlaumu bibi yenu hata kidogo. Lakini uso wa mtoto unahitaji maji kidogo kuliko tunavyodhani. Kule Kongwa, Dodoma, kulifanyika utafiti uliochapishwa 1995 ambapo vijiji vilihimizwa kunawisha watoto nyuso pamoja na dawa, na watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kopo moja na sabuni asubuhi, kopo moja jioni, kila mtoto na kitambaa chake. Hilo linawezekana Newala hata mwezi mkavu.

Mwanao wa miaka minne apelekwe aangaliwe wiki hii. Tongotongo linaletwa na mambo mengi na huenda si trakoma, lakini mtaalamu atamgeuza ukope aangalie ndani, ni sekunde chache. Kama ndiyo, dawa ipo na inatibu kabisa katika hatua hiyo. Peleka na wenzake wawili, maana wamelala pamoja. Na wewe uliyelelewa nyumba hiyohiyo, badala ya kujitazama kwenye kioo kila asubuhi mwombe mtaalamu huyo akugeuze ukope mara moja tu. Kioo hakikuonyeshi upande wa ndani.

Neno moja la siku ya safari. Msimng'oe kope asubuhi ile, hata akiomba. Mkimpeleka ameng'olewa, mtaalamu mwenye foleni ndefu anaweza kukuta ukope msafi akamrudisha nyumbani na tyubu ya dawa. Mwambieni wazi kwamba amekuwa aking'olewa kila wiki mbili, na kile kibano mkiweke kwenye mfuko mumwonyeshe.

Mpe mama shikamoo yangu. Mwambie achukue ile kanga yake, maana kurudi atakuwa amefungwa jicho moja na jua la barabara ya Newala analijua.